Kichwa cha punda, maji ya ua: shajara ya kuandaa komedi ya Shakespeare

Januari

Tumekubaliana. Mwaka huu kikundi kinafanya A Midsummer Night's Dream ya William Shakespeare, ambayo sisi kwa sisi tumeshaanza kuiita Ndoto. Hatuigizi yote. Tunachukua sehemu za mafundi, za vijana wanne waliopotea mwituni, na za Oberon na Titania, mfalme na malkia wa vichimbakazi, tunazishona ziwe mchezo wa saa moja na nusu. Mambo ya ikulu kwa Theseus, mtawala wa Athens anayekaribia kuoa, tumeyapunguza mpaka yamebaki yale ambayo mtazamaji asipoyasikia hataelewa kitu: Hermia anampenda Lysander, baba yake, Egeus, anataka aolewe na Demetrius, sheria ya Athens iko upande wa baba, na Helena anamwandama Demetrius, ambaye aliwahi kumpenda na sasa hataki hata kumwona.

Kwa watu wetu wengi hapa Tanga, Shakespeare ni Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tafsiri za Mwalimu Nyerere zilizosomwa shuleni miaka nenda miaka rudi. Nami nilimjulia huko. Lakini huyo ni Shakespeare wa majambia na mahakama. Shakespeare wa mafundi wanaojifunza kuigiza baada ya kazi hatujamzoea, na kikundi chetu ni hicho hicho: seremala, mafundi cherehani wawili, mwalimu wa sekondari, dada muuza vitenge, dereva wa bajaji, na wanafunzi kadhaa. Tunakutana jua likishapoa. Katika mchezo, Peter Quince, kiongozi wa mafundi, na wenzake walipanga kukutana mwituni, maili moja nje ya mji, kwa mbalamwezi, ili watu wa mjini wasije kuwazonga na kujua mapema wanachokiandaa. Seremala wetu aliposikia hivyo alicheka akasema hao jamaa anawafahamu.

Naandika msimamo wangu mapema kwa sababu maamuzi mengine yatatoka hapo. Katika mchezo huu kichekesho na maajabu vimefumwa kwa uzi mmoja. Mtu wa kuchekesha kuliko wote, Bottom mfumaji, ndiye binadamu pekee anayekaa uso kwa uso na malkia wa vichimbakazi, akaongea naye, akalala kifuani pake. Tukimfanya kikaragosi, maajabu nayo yanakufa. Kwa hiyo hakuna atakayechezwa kwa kubezwa, hata wale mafundi wanaoigiza Simba na Ukuta.

Jambo la pili: hatutumii moshi, taa za rangi wala muziki wa kutisha. Tutaigiza alasiri, uani, kwa mwanga wa jua. Kampuni ya Shakespeare, Lord Chamberlain's Men, iliyoundwa 1594, ilicheza mchana katika majumba ya wazi ya Shoreditch, London, na usiku wote wa Ndoto ulitengenezwa kwa maneno. Oberon anapotaka asionekane anasema tu, "Mimi sionekani," basi, kazi imekwisha. Kampuni shindani, ile ya Admiral, iliorodhesha mali zake mwaka 1598, na katika orodha hiyo limo joho la kuvaa mtu asionekane. Nimependa sana jambo hilo. Joho linaonekana na kila mtu, na kila mtu anakubali kwamba aliyelivaa haonekani.

Januari, mwishoni

Kabla mtu hajashika mistari, tumechora kwenye karatasi ya manila nani anatiwa machoni maji ya ua la mapenzi, anatiwa na nani, na yanaondolewa lini. Kazi hii imetulipa kuliko nilivyotarajia.

Hadithi ya ua lenyewe anaisimulia Oberon. Cupid, mungu wa mapenzi, alimlenga mshale bikira mmoja wa kifalme aliyeketi upande wa magharibi (wasomaji wengi humwona humo Malkia Elizabeth I), mshale ukamkosa, ukaangukia ua dogo lililokuwa jeupe kama maziwa, likageuka zambarau kwa jeraha la mapenzi. Maji yake yakitiwa kwenye kope za aliyelala, akiamka atampenda kiumbe wa kwanza atakayemwona. Puck, kichimbakazi mtundu anayemtumikia Oberon, anatumwa kulichuma, naye anaahidi kuizunguka dunia nzima kwa dakika 40.

Hapo kikao kilichangamka. Limbwata! Kila mtu ana kisa chake cha limbwata, cha jirani, cha shangazi, cha mume aliyeacha ghafla kwenda baa. Ila limbwata la mtaani huwekwa na mtu anayetaka apendwe yeye. La Oberon linawekwa na mtu wa tatu, na kinachoamua ni nani amepita karibu wakati jicho linafunguka. Ucheshi wa vile vipindi vya mwituni umejengwa juu ya tofauti hiyo: anayependwa anashtuka kuliko anayependa.

Ramani ikatoka hivi. Titania anatiwa na Oberon mwenyewe, kwa sababu wamegombania mtoto wa kutoka India ambaye Titania hataki kumtoa. Lysander anatiwa na Puck, aliyeagizwa amtafute kijana mwenye mavazi ya Athens na akampata huyu badala ya Demetrius. Demetrius anatiwa na Oberon baadaye, kurekebisha mambo, na ndipo mambo yanapoharibika kabisa: Helena, ambaye asubuhi hakuwa na mtu, sasa ana wanaume wawili wanaomlilia, naye anaamini wote wanamdhihaki. Wametiwa watatu. Waliofunguliwa kwa dawa ya pili ni wawili, Lysander na Titania. Demetrius hafunguliwi. Mchezo unaisha, ndoa zinafungwa, na maji ya ua bado yako machoni mwake.

Dada muuza vitenge, atakayecheza Helena, aliikazia macho ramani kisha akaniuliza, "Kwa hiyo kaka, mimi naolewa na mtu aliyerogwa?"

Swali zuri, na Shakespeare hakulifunga. Demetrius anasema mapenzi yake kwa Hermia yameyeyuka kama theluji, kwamba alikuwa kama mgonjwa anayechukia chakula, na sasa amepona, hamu yake ya asili imerudi. Na kweli alimpenda Helena kwanza, kabla Hermia hajaingia katikati. Huenda maji ya ua yamemrudisha nyumbani. Huenda yamemfunga. Tumeamua Demetrius atasema maneno hayo kwa utulivu wa mtu aliyepona homa, na tutaiacha alama ya limbwata ionekane mwilini mwake. Alama hiyo ni wazo la fundi cherehani wetu: kila aliyetiwa maji ya ua anafungwa utepe wa zambarau kifundoni mwa mkono, na akifunguliwa anavuliwa mbele ya watazamaji. Siku ya harusi, Demetrius atakuwa nao bado. Hatutasema neno. Mwenye macho ataona.

Ramani ilituonyesha na kitu kingine ambacho sikuwa nimekitilia uzito. Hermia na Helena hawaguswi hata tone. Wanaume wanageuka kama tiara upepo ukibadilika, wasichana wanabaki pale pale walipokuwa mwanzoni. Na Bottom pia hatiwi kitu machoni. Yeye Puck amembadilisha kichwa tu, akampa cha punda, na ndiye Titania anayemwona akiamka. Akili, adabu na maneno yake ni yale yale ya mfumaji wa Athens.

Februari

Mwezi wa mafundi. Nawataja wote sita kwa sababu kazi zao zina maana: Quince seremala, Bottom mfumaji, Flute fundi mivukuto, Snout fundi wa kuziba sufuria, Snug fundi samani, Starveling fundi cherehani. Wanaandaa kisa cha Pyramus na Thisbe, wapendanao waliotenganishwa na ukuta, kisa alichokisimulia Ovid, mshairi wa Roma, na ambacho Waingereza waliweza kukisoma kwa lugha yao katika tafsiri ya Arthur Golding ya 1567. Ni msiba mtupu. Wao wanataka kumfurahisha mtawala siku ya harusi yake kwa msiba.

Quince anachezwa na seremala wetu mwenyewe. Ni mzee wa maneno machache, na ndiye hasa niliyemtaka, maana Quince ana kazi ngumu kuliko mwongozaji yeyote: kumtawala Bottom bila kumvunja moyo. Bottom amepewa Pyramus, lakini anataka na Thisbe, anataka na Simba, anaahidi kunguruma mpaka mtawala aseme aongezewe, na akiambiwa kina mama wataogopa anaahidi kunguruma kwa upole kama njiwa. Dereva wetu wa bajaji alianza kuigiza haya kwa majivuno, kifua mbele. Tulimsimamisha. Bottom hana kiburi hata chembe, ana hamu. Anaupenda mchezo kiasi kwamba anaona uchungu kila nafasi inapokwenda kwa mwingine. Jamaa akafikiri kidogo, akarudia mistari ile ile akiwa amesogea karibu na Quince, karibu mno, kama kijana anayeomba asiachwe nyuma kwenye safari. Watu wakacheka mara mbili ya mwanzo. Nimeandika kwenye daftari: hamu, si majivuno.

Flute ni mwanafunzi wetu ambaye sauti ndiyo kwanza inavunjika. Anaambiwa acheze Thisbe, analalamika kwamba ndevu zinamwota. Kwenye jukwaa la Elizabeth wanawake wote walichezwa na wavulana, kwa hiyo malalamiko hayo yalikuwa ya kweli mule ndani ya kampuni.

Halafu Simba. Mafundi wanahangaika sana kwamba Simba atawatisha kina mama na wao watanyongwa wote, hivyo Snug aseme wazi kwamba yeye ni Snug fundi samani. Inachekesha, lakini ina mzizi. Agosti 1594, katika sherehe ya kubatizwa mtoto wa mfalme wa Scotland huko Stirling, simba hai alikuwa avute gari la maonyesho, akaondolewa kwa kuogopa kwamba atawatia watu hofu. Ndoto iliandikwa karibu na 1595 au 1596. Snug wetu anapojitambulisha anavua kichwa cha simba na kuwaangalia watazamaji mmoja mmoja, kwa huruma kabisa, kuhakikisha hakuna aliyeogopa.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni dibaji ya Quince. Ameiandika vizuri, ila kwa woga anatua pasipotakiwa, na maana inageuka. Tuliihangaikia dibaji hiyo mpaka ikapatikana kwa Kiswahili chetu. Alichokusudia kusema ni: "Tumekuja. Kuwaudhi hatukusudii. Kuwafurahisha ndiyo nia yetu." Anachosema ni: "Tumekuja kuwaudhi. Hatukusudii kuwafurahisha. Ndiyo nia yetu." Maneno yale yale, mpangilio ule ule, pumzi tu imehama. Seremala wetu anaisoma akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kila akitua anainua macho akiamini amesema jambo la heshima. Mazoezini hatujaweza kuimaliza bila mtu kutoka nje kucheka.

Machi

Kichwa cha punda kimekula mwezi mzima.

Shakespeare hakulianzisha wazo hili. Kisa cha Apuleius, mwandishi wa kale wa Kirumi, cha mtu aliyegeuka punda kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiingereza na William Adlington mwaka 1566, na Reginald Scot, katika kitabu chake cha 1584 cha kupinga imani za uchawi, alimwongelea Robin Goodfellow, yaani Puck mwenyewe, na hata namna watu walivyodai mtu anaweza kuvikwa kichwa cha punda. Na katika Folio ya 1623, mkusanyo wa tamthilia za Shakespeare, kuna maelekezo ya jukwaani kwamba Pyramus anaingia na kichwa cha punda. Wanavyokitaja utadhani kilikuwa kimetundikwa stoo, kila mtu anakijua.

Chetu cha kwanza kilikuwa fito za mwanzi zilizofungwa kwa waya, juu yake magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano, halafu kipande cha gunia lililotiwa rangi ya majivu. Kizuri mno. Watoto wa jirani walikuja kukishika. Kilifunika uso wote, na hapo ndipo tatizo: Bottom anaongea sana akiwa punda, na sauti ilikuwa ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Zaidi ya sauti, hatukuuona uso. Na uso ndio wenyewe. Titania anaona uzuri, sisi tunaona punda, Bottom anajiona Bottom. Mtazamaji akinyimwa uso wa mwigizaji, hicho cha tatu kinapotea.

Tukakata taya lote. Sasa kichwa kinakaa juu ya paji, kimefungwa chini ya kidevu kwa mkanda kama helmeti ya bodaboda, pua ya punda inatangulia mbele kama kingo ya kofia, na uso wa dereva wetu uko wazi chini yake. Masikio yamefungwa kwenye mshipi wa kuvulia unaopita shingoni na kushuka ndani ya mkono wa shati hadi kwenye kidole. Jamaa amekuwa akisimamisha bajaji yake karibu na soko kuwatazama punda wa mikokoteni, akagundua kwamba sikio hugeuka kabla ya kichwa, na mara nyingi moja peke yake. Titania anapomwita mara ya kwanza, sikio la kushoto linainuka. Anaendelea kuimba. Kisha la kulia. Kisha ndiyo anageuka. Hatukuhitaji kitu kingine.

Sasa maneno yake. Wenzake wamemkimbia, anaimba kujipa moyo, malkia anaamka na kumwambia anampenda. Bottom anajibu kwamba haoni kama bibie ana sababu ya maana ya kufanya hivyo, ila kusema kweli, akili na mapenzi siku hizi hawatembei pamoja sana. Katika msitu mzima usiku ule, huyo ndiye aliyesema neno la busara, naye ana masikio ya punda. Theseus mtawala baadaye anatoa hotuba ndefu kuhusu wapendanao na wendawazimu. Bottom alishaimaliza kwa sentensi moja.

Tena angalia adabu yake. Akiletewa wahudumu, Peaseblossom, Cobweb, Moth na Mustardseed, anauliza jina la kila mmoja. Peaseblossom anapewa salamu za kupeleka kwa mama na baba. Akimtuma Cobweb kuua nyuki mwenye kiuno chekundu juu ya mbaruti na kumletea mfuko wa asali, anamwonya aangalie usije ukapasuka akafurikwa. Mtu aliyewekwa kitanda kimoja na malkia, na bado anamhofia mtumishi mdogo asilowe asali. Watazamaji wetu watamwelewa haraka, maana kwetu mtu hupimwa kwa salamu. Nimewaambia waigizaji wa wale wahudumu wamjibu kwa heshima ya kweli. Akiomba anyolewe kwa kinyozi kwa kuwa amekuwa na manyoya mengi usoni, wasicheke. Wamwangalie tu kwa masikitiko.

Aprili

Masika. Uani kumejaa maji, tunafanya kazi ndani, kwa kusoma. Imekuwa kipindi kizuri cha kumsikiliza Titania, kwa sababu hotuba yake kubwa ni ya mvua: ugomvi wake na mume umevuruga majira, mito imefurika, dume la ng'ombe limevuta nira bure, nafaka imeoza kabla haijaota ndevu. Uingereza yenyewe ilikuwa na miaka ya mvua mbaya katikati ya miaka ya 1590, na mtu aliyesimama kwenye ukumbi ule alikuwa akisikia habari ya bei ya mkate wake. Tumeirudisha hotuba tuliyokuwa tumeikata.

Mistari ya kutia limbwata tumeiweka kwenye mizani ya utenzi. Kwa Kiingereza Oberon anabadilisha mwendo hapo, mistari inakuwa mifupi, vina vinagongana. Utenzi wa mizani nane unafanya kazi hiyo hiyo masikioni mwetu bila kujifunza upya. Ubeti uliobaki baada ya kubishana sana ni huu:

Macho utapofumbua,
Wa kwanza kumtambua
Ndiye utamchagua,
Awe paka, awe chui.

Mwigizaji wa Oberon anausema taratibu, karibu na sikio la Titania, huku akimfunga utepe. Kwa sababu ubeti umetulia hivyo, ukatili wake unaonekana. Tusijifiche: huyu mwanamume anamroga mkewe ili amnyang'anye mtoto ambaye mama yake, rafiki wa Titania, alifia uzazi. Titania anamkumbuka huyo mama walivyoketi mchangani pwani usiku, katika hewa ya India yenye viungo, wakicheka kuona matanga ya majahazi yanavimba kwa upepo kama mimba. Tunaoishi kwenye ufuko wa bahari hiyo hiyo hatuhitaji kuelezwa picha hiyo. Nimemwomba dada anayecheza Titania asiiharakishe hata kidogo. Kichekesho cha punda kitakuwa na uzito tukijua kwanza alichokuwa akikilinda.

Mama wa mwanafunzi mmoja alinijia baada ya mazoezi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaenda moja kwa moja: "Mwanangu, nimesikia mnaita majini. Na watoto wamo." Sikumcheka, wala si jambo la kucheka, uchawi kwetu umewahi kuwaletea watu balaa la kweli, hasa wazee. Nilimsomea sehemu mbili. Ya kwanza, Puck anaharakisha kwa kuwa alfajiri inakuja na mizimu inakimbilia makaburini, na Oberon anamjibu kwamba wao ni wa aina nyingine, yeye hucheza na asubuhi. Ya pili ni ya mwisho kabisa: vichimbakazi wanaingia nyumbani usiku wa harusi, Puck na ufagio wake, kubariki vyumba, kuombea ndoa zidumu na watoto wazaliwe salama bila kasoro. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hiyo ni dua." Sasa anakuja kukaa mazoezini na ndiye anayetushikia kitabu mtu akisahau mstari.

Mei

Vijana wanne. Hapa ni mbio na pumzi tu, na nimeyaandika machache kwa sababu yanajiendesha. Lysander na Demetrius ni karibu mtu mmoja, na Shakespeare amewaacha hivyo kwa makusudi. Puck aliyeshindwa kuwatofautisha hana kosa kubwa. Tumewavisha kanzu zinazofanana.

Hermia na Helena ndio wenye nyama. Mmoja mfupi, mmoja mrefu, marafiki tangu utotoni, waliowahi kushona ua moja kwenye kitambaa kimoja wakiimba wimbo mmoja. Ugomvi unapofika Hermia anakamata neno moja tu, ufupi, anamwita Helena mlingoti uliopakwa rangi na kumwambia hajawa mfupi kiasi cha kucha zake kutofika machoni mwake. Watu watavunjika mbavu. Lakini kumbuka mikono yao: ni pekee isiyo na utepe. Wanaume wanaoshikana mashati pembeni wamerogwa, hawa wanaumia wakiwa na akili timamu. Kwa hiyo tumeamua wasipigane kivichekesho. Wapigane kama mashoga wawili waliosalitiana kweli, na kichekesho kije chenyewe kutokana na wale wawili waliofungwa zambarau wanaojaribu kuwaamulia.

Kuhusu alama ya utepe, nilisoma tena juu ya onyesho la Ndoto la mwongozaji Peter Brook, Stratford-upon-Avon, 1970: jukwaa lililokuwa sanduku jeupe tupu, vichimbakazi kwenye bembea za sarakasi, na ua la Cupid likiwa sahani inayozunguka juu ya kijiti, Oberon na Puck wakipokezana. Watu walikuwa wamezoea misitu ya kuchorwa, na mjini London, mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji Beerbohm Tree aliwahi kuweka hadi sungura hai jukwaani. Brook aliondoa vyote na maajabu hayakupungua. Inatia moyo mtu mwenye ua la nyumba na mita chache za utepe. Kama Brook, nasi mwigizaji mmoja anacheza Theseus na Oberon, mwingine Hippolyta, bibi harusi wa Theseus, na Titania.

Juni

Tumeonyesha. Alasiri, uani, majirani kwenye mikeka na mabenchi, watoto mbele.

Limbwata lilieleweka kabla Oberon hajamaliza ubeti. Lysander alipofumbua macho na kumwona Helena, kina mama nyuma walishaanza kumwonya Helena kwa sauti. Dibaji ya Quince ilibidi isimame mara kadhaa kusubiri kicheko. Snout, ambaye ni Ukuta, alinyoosha vidole viwili kuwa ufa, na Pyramus alipoutukana Ukuta, Snout alionekana ameumia moyoni, hilo hatukulipanga. Starveling aliingia kama Mwezi na taa yake, kichaka cha miiba na mbwa wa kuchonga.

Kisha Thisbe anaikuta maiti. Mistari yake ni ya ovyo kwa makusudi: midomo ya yungiyungi, pua ya cheri, macho ya kijani kama majani ya vitunguu. Kijana wetu aliisema kama mtu aliyefiwa, sauti yake inayovunjika ikavunjika mahali pake, na uani pakatulia, kisha mtu mmoja akacheka, kisha akaacha. Hippolyta hapo awali amesema upuuzi kama huu hajawahi kuusikia. Muda mfupi baadaye anasema anamwonea Pyramus huruma. Watazamaji wetu walipita njia hiyo hiyo.

Sehemu iliyokuwa inanitia wasiwasi ni Bottom anapoamka peke yake, kichwa cha punda kimeondoka. Anapapasa juu ya masikio: alidhani ana... alidhani alikuwa na... Hamalizii. Anajaribu kueleza na maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho yanamtoka yamechanganyika: jicho la mtu halijasikia, sikio la mtu halijaona. Waliolijua andiko walicheka, wasiolijua waliona tu mtu aliyepatwa na jambo kubwa kuliko maneno yake. Dereva wetu hakuharakisha. Akasema atamwomba Quince amtungie wimbo juu ya ndoto hiyo, akaondoka anakimbia kuwatafuta wenzake.

Utepe wa Demetrius uliulizwa na watu kadhaa baada ya onyesho. Mmoja alikuwa na hakika tumesahau kuuvua. Helena wetu alijibu, "Muulize yeye," akimwonyesha Demetrius, na mjadala ukaendelea mpaka chai ikaisha.

Yaliyobaki: mshipi wa sikio la kulia umekatika na unahitaji mnene zaidi. Mavazi ya vichimbakazi yanakwaruza shingo. Ile ngoma ya mafundi ya mwisho, ambayo Shakespeare aliita bergomask, ngoma ya kishamba iliyohusishwa na watu wa Bergamo huko Italia, tuliifanya kwa kubahatisha. Wenzetu wawili wenye asili ya Lushoto watatufundisha mdumange tuifanye ipasavyo. Na jirani mmoja ametuomba tucheze Pyramus na Thisbe kwenye harusi ya binti yake. Tumekubali, kipande cha mafundi peke yake, ila Simba ajitambulishe mapema kuliko tulivyofanya, maana watoto wa bibi harusi watakaa mstari wa mbele na mdogo wao ana miaka mitatu.